Sidi Mubarak Bombay na sanduku la picha lililorudishwa njiani

Msimu mmoja wa kaskazi alifika Mkokoni mgeni kutoka Ulaya, fundi wa kupiga picha za nchi. Hakutaka picha za watu wala za nyumba. Alitaka bahari, mikoko, na kisiwa cha Kiwayu ng'ambo ya pili, wakati ule jua linapochomoza nyuma yake. Mashua iliyomleta ilikwama mbali kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, basi vijana wawili wa pale wakajitwika masanduku yake, wakapita nayo katika matope yaliyowafika magotini, wakayatua juu ya mchanga mkavu bila ya kuingia hata tone la maji. Kulipopambazuka mgeni alipiga picha zake, akashukuru, akalipa, akaenda zake. Mwaka wa pili picha ilirudi ikiwa kwenye kalenda, ikatundikwa dukani, na chini yake limeandikwa jina la mgeni. Mzee mmoja aliyekuwa barazani aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza ni sehemu gani ya picha ile iliyo ya wale vijana. Watu walicheka. Mimi nilirudi nyumbani na swali lile kichwani, nikamkumbuka marehemu Sidi Mubarak Bombay.

Jina la Bombay si geni kwa wasomaji wa historia. Limo katika vitabu vya Burton, vya Speke, vya Stanley na vya Cameron, na katika kila kitabu limekaa pembeni, kama mtu aliyekaribishwa karamuni akaambiwa asimame mlangoni. Wengine wamemwandika kuwa mtumishi mwaminifu, wengine kuwa mvivu na mlevi, kutegemea mwandishi aliamkaje siku ile. Leo tumtazame kwa upande ambao hautazamwi sana, nao ni upande wa mzigo. Miongoni mwa mizigo aliyosafiri nayo ulikuwamo mmoja wa ajabu kwa zama zile, nao ni sanduku la kupigia picha.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mipaka ya Tanzania na Msumbiji za leo. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Mama yake alikufa angali mdogo, akalelewa na baba yake kijijini. Akiwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi walifika wafanyabiashara wa pwani wenye bunduki. Watu hao walikuwa wamekwisha kufika pale kabla, wakawakopesha wanakijiji bidhaa, na sasa walirudi kudai deni. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Waliokuwa na mbio walikimbilia porini, na waliokamatwa walifungwa kamba wakaswagwa hadi Kilwa. Mtoto huyu alikuwa miongoni mwa waliokamatwa, na hakumwona tena baba yake. Habari hizi alizieleza mwenyewe alipokuwa mtu mzima, na Speke akazichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1864. Inatupasa sisi watu wa pwani tuzisome bila ya kugeuza uso, kwani waliomfunga kamba ile hawakutoka Ulaya. Walikuwa watu wanaosema lugha hii hii ninayoiandika.

Huko Kilwa alibadilishwa kwa nguo. Kisha alivushwa hadi Unguja, akanunuliwa na Mwarabu mmoja aliyemchukua Bara Hindi, na huko ndiko alikopata majina yake. Sidi ni neno ambalo Wahindi walilitumia kwa watu weusi waliotoka pwani ya Afrika, Mubarak ni jina la Kiislamu lenye maana ya aliyebarikiwa, na Bombay ni ule mji mkubwa wenye bandari. Alikaa Bara Hindi miaka mingi, akajifunza Kihindustani kama mzaliwa. Bwana wake alipokufa, Mubarak akawa huru, na akiwa huru alifanya jambo ambalo si kila mtu angelifanya: alipanda chombo akarudi upande wa Afrika. Kule Uyao hakukuwa na njia salama ya kumfikisha, basi aliingia katika askari wa Sultani wa Unguja, akapelekwa kulinda boma la Chokwe upande wa Pangani.

Boma lile ndilo alilokutwa nalo na Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, mwezi wa Februari mwaka 1857. Burton alikuwa bingwa wa lugha. Speke hakuwa nazo. Hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini alikuwa amehudumu katika jeshi la Bara Hindi na alikisema Kihindustani kidogo. Basi ikawa kila neno la mtemi, la mfanyabiashara na la mpagazi humfikia Speke kupitia kinywa cha Bombay. Lugha aliyoipata utumwani ikawa ndiyo daraja la msafara mzima.

Msafara huo wa kwanza uliondoka pwani mwaka 1857, ukafika ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858. Wakati wa kurudi Burton alibaki Kaze, karibu na Tabora ya leo, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay na wengineo. Tarehe 3 Agosti 1858, upande wa Mwanza, waliliona lile ziwa kubwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza na Speke akalipa jina la malkia wake. Ugomvi uliozuka baadaye baina ya Burton na Speke juu ya chanzo cha mto Nile umejaza vitabu vya kutosha, nasi tuupite.

Sasa tuje katika mwaka 1860. Speke alirudi Unguja, safari hii akiwa na mwenziwe James Augustus Grant, Mskochi, mtu wa makini aliyependa mimea na michoro. Bombay aliajiriwa tena. Kati ya vifaa vya Grant ilikuwamo kamera, ya aina ile inayopiga picha mbili pamoja, ambazo mtu akizitazama kwa miwani maalumu huona kana kwamba mahali penyewe pamesimama mbele yake. Grant alipiga picha mjini Unguja mwaka ule, nazo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za mji huo. Shabaha ilikuwa kuendelea hivyo hivyo mpaka kwenye ziwa na mpaka kwenye chanzo cha Nile.

Msomaji wa leo, ambaye huenda ana simu mfukoni inayopiga picha mia moja kabla ya chai kupoa, hana budi aelezwe kazi ilivyokuwa wakati ule. Hakukuwa na filamu. Picha ilitiwa juu ya kipande cha kioo. Fundi huingia ndani ya hema dogo lililozibwa pande zote lisipenye nuru, na lisilopenya nuru halipenyi upepo. Humo humiminia kioo dawa iitwayo kolodioni, nzito kama asali nyepesi, akikiinamisha huku na huku mpaka ienee sawasawa. Kisha hukichovya katika maji ya chumvi ya fedha. Kioo kingali rovurovu, hukitia katika kamera, akapiga picha, akakimbia nacho tena hemani kukitia dawa nyingine ya kuidhihirisha taswira na nyingine ya kuifunga isifutike. Yote hayo yataka kumalizika kwa dakika chache, kabla kioo hakijakauka, maana kikikauka kazi imeharibika. Na kolodioni huchanganywa na etha, dawa ambayo huchemka kwenye joto la nyuzi 35 tu. Ndani ya hema lililozibwa, katika jua la Mrima, etha huruka hewani kabla fundi hajamaliza kumimina, naye aivuta puani.

Hayo ni ya fundi. Nyuma yake kuna kamera yenyewe na miguu yake, hema, vioo vilivyopangwa kwenye masanduku yenye mifuo visigongane, chupa za dawa zinazounguza ngozi, mabakuli, na maji safi ya kuoshea. Maji hayo hayafiki hemani kwa miguu yake. Kila kimoja katika hivyo kimeondoka pwani juu ya kichwa au bega la mtu.

Watu wa misafara walipima mzigo kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa yapata frasila mbili. Mizigo mingi ilikuwa ushanga, waya na nguo, na nguo iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa merikani, ile bafta ngumu iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem tangu zama za Seyyid Said. Wamarekani walifanya mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na balozi wao mdogo alikwisha kukaa Unguja mwaka 1837. Merikani ndiyo iliyokuwa sarafu ya bara. Ilinunua chakula, ililipa hongo kwa watemi, ililipa wapagazi.

Na kwa kuwa tumewataja Wamarekani, tutazame kwao kidogo, kwa sababu miaka ile ile walikuwa katika kazi ile ile. Mwaka 1861 mpiga picha aitwaye Carleton Watkins alipanda kwenye bonde la Yosemite, huko California, akiwa na kamera kubwa ya vioo vyenye upana wa inchi 18 kwa 22. Yasimuliwa kwamba alihitaji nyumbu 12 kuibeba shehena yake. Picha zake za magenge na maporomoko zilifika mpaka Washington, na mwaka 1864 Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kulihifadhi bonde lile. Timothy O'Sullivan alifuatana na wapimaji wa serikali katika majangwa ya magharibi kuanzia mwaka 1867, na mwaka 1871, mashua zao zilipokwea mto Colorado kinyume cha mkondo, watu wa kabila la Mojave walikuwamo katika kupiga makasia na kuzivuta. William Henry Jackson alipokwenda Yellowstone mwaka huo wa 1871 alikuwa na nyumbu wake wa kubebea dawa, naye alimpa jina la Hypo kutokana na jina la dawa mojawapo. Majina ya wapiga picha hao yamo katika vitabu vyote vya fani hii. Jina la nyumbu nalo limo. Wale Wamojave utawaita kwa jina la kabila lao, basi.

Sasa linganisha na Unguja. Speke naye alinunua nyumbu 12, idadi ile ile ya Watkins, na punda watatu, na mbuzi 22. Alikuwa na askari kumi kutoka Rasi, Wabaluchi 25 wa kusindikiza, watu huru wa Unguja wapatao 75, na wapagazi mia moja hivi wa Kinyamwezi. Walitoka Unguja mwishoni mwa Septemba 1860. Walipofika Kaze mwezi wa Januari 1861 Speke alifanya hesabu. Nyumbu wote 12 walikuwa wamekufa. Punda wote watatu walikuwa wamekufa. Nchi ya Amerika ilimruhusu mpiga picha kuweka mzigo mgongoni mwa mnyama, lakini katika njia zetu za bara, penye mbung'o na maradhi, mnyama hakudumu, na kila kilichotua mgongoni mwake kilirudi kichwani mwa binadamu.

Hesabu ile ya Kaze ilikuwa na jambo jingine. Wapagazi 98 wa Kinyamwezi walikuwa wametoroka, na zaidi ya nusu ya mali ilikuwa imepotea. Neno la kutoroka ni la mwenye mali. Msafara ulipita Ugogo wakati wa njaa, kisha mvua zikakamata, mito ikajaa. Mtu aliyejitwika frasila mbili, ambaye jioni hana uhakika wa kibaba cha mtama, huenda angetumia neno jingine.

Kamera haikufika Kaze. Msafara ulipokuwa bado haujaingia Ugogo, Speke aliamua irudishwe pwani. Sababu aliyoitoa ni kwamba aliona, kama akimwacha Grant aendelee kufanya kazi hiyo, joto la ndani ya kile kihema wakati wa kutengeneza vioo lingemuua upesi. Ulikuwa uamuzi wa busara na wa huruma kwa rafiki. Sina neno juu yake, isipokuwa hili: sanduku lilirudishwa kwa sababu lilimwelemea mtu aliyeinama ndani ya hema. Waliokuwa wamelibeba kutoka baharini mpaka pale, juani, hawakuingia katika hesabu ya joto.

Basi Grant alichukua kalamu na rangi zake, na tangu hapo nchi ikachorwa kwa mkono. Bombay hakuwa na wa kumrudisha. Kazi yake ndiyo kwanza ilikuwa ikizidi. Sheikh Said bin Salim, Mwarabu aliyekuwa mkuu wa msafara, aliugua akaachwa Kaze, na madaraka yakamwangukia Bombay. Alitafuta wapagazi wapya katika nchi yenye vita baina ya Waarabu na mtemi Manwa Sera, alisuluhisha ugomvi, alipima nguo za kununulia chakula, alitumwa kwa watemi kujadili hongo, akarudi kulaumiwa kuwa hongo ilikuwa kubwa. Katika kundi la watu wa Unguja alikuwamo mpinzani wake, Baraka, aliyeona kuwa yeye ndiye aliyestahili ukubwa, na mashindano ya wawili hao yalichosha watu wote.

Watu hao wa Unguja walijiita waungwana. Najua jinsi neno hilo linavyosikika Lamu, ambako muungwana ni mwenye nyumba ya mawe, nasaba na zidaka ukutani. Lakini katika njia za bara lilikuwa jina la hawa, wengi wao watumwa au watu waliokombolewa, wasiokuwa na nasaba iliyoandikwa popote. Walijiita hivyo kwa sababu ya dini yao, kanzu zao na lugha yao, na kwa kuwa kule hapakuwa na mtu wa kuwaambia kuwa sivyo. Nadhani yule mtoto wa Kiyao aliyebadilishwa kwa nguo Kilwa alilipenda jina hilo kuliko majina yake mengine yote.

Uungwana huo haukumkinga na ngumi. Siku moja njiani Speke aliamuru hema livunjwe, Bombay akaona haifai kuondoka, akabisha. Speke alimpiga usoni mbele ya watu, zaidi ya mara moja. Bombay aliondoka kwa hasira, kisha wakapatana akarejea kazini. Stanley alipokutana naye miaka kadhaa baadaye aliliona pengo la meno mbele, akaambiwa limetokana na ngumi ya Speke.

Grant aliuguzwa mguu kwa miezi mingi huko Karagwe. Speke na Bombay walitangulia Buganda kwa Kabaka Mutesa, wakafika mwezi wa Februari 1862. Na tarehe 28 Julai mwaka huo Speke alisimama mahali ambapo maji ya Nyanza yalitoka ziwani kwa kishindo yakaanza safari ya kwenda Misri. Bombay alikuwapo. Kamera haikuwapo, wala Grant hakuwapo, kwa kuwa alikuwa ametumwa njia nyingine kuelekea Bunyoro. Hivyo maporomoko yale, ambayo kwa ajili yake watu walikufa, nyumbu walikufa na mali ikapotea, yaliingia katika kitabu cha Speke kwa mchoro uliokatwa na mafundi wa Ulaya. Mwaka 1954 lilipomalizika bwawa la Owen Falls, maporomoko yenyewe yalizama. Hakuna tena atakayeyaona kama Bombay alivyoyaona.

Walifika Gondokoro mwezi wa Februari 1863, wakateremka mto hadi Kairo. Kati ya waliotoka Unguja walikuwa wamebaki wachache. Na huko Kairo, baada ya miaka miwili na nusu ya kutembea, ndipo kamera ilipomfikia Bombay. Speke aliwapeleka wenzake kwa mpiga picha, wakapangwa pamoja wakatazama mbele, na picha hiyo ikachongwa kuwa mchoro katika kitabu chake kilichotoka mwaka huo huo wa 1863. Kisha wakapakiwa merikebuni kupitia Suez na Aden, wakazungushwa mpaka Mauritius na Shelisheli, ndipo wakarejea Unguja.

Hebu mtazame mtu huyu pale Kairo. Kamera iliyotoka Unguja pamoja naye ilikuwa ya kupiga nchi, milima na maji. Haikufika. Picha iliyopatikana mwisho wa safari ni ya wabebaji. Kwa bahati tu, kwa kuwa joto lilimshinda Mskochi mmoja, tunazo sura za waliofanya kazi na hatuna sura ya ile nchi waliyoifanyia kazi. Kwa Watkins ni kinyume chake: magenge ya Yosemite yapo, wazi kama jana, na waliowaongoza nyumbu hawamo.

Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa Bombay medali ya fedha kwa kazi yake hiyo. Speke hakuishi sana. Alikufa kwa bunduki yake mwenyewe katika ajali ya kuwinda, tarehe 15 Septemba 1864.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliwasili Unguja akimtafuta Livingstone, akamwajiri Bombay kuwa mkuu wa askari wake. Stanley alikuwa na haraka na fimbo, na Bombay aliionja fimbo hiyo. Walifika Ujiji, na kwa hesabu ya tarehe aliyoiweka Stanley ilikuwa Novemba 1871. Yale makutano ya wazungu wawili kuvuliana kofia yameenea duniani kwa michoro tu. Waliochora hawakufika Ujiji, na wengi wa waliosimama nyuma katika michoro yao wamechorwa sura moja.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa na Verney Lovett Cameron. Waliondoka Bagamoyo mwaka 1873 kumtafuta Livingstone. Walipokuwa Unyanyembe mwezi wa Oktoba waliwapokea Susi na Chuma wakiwa na wenzao, wamebeba maiti ya Livingstone kuipeleka pwani. Nimewahi kuwaza mazungumzo ya watu hao usiku ule. Chuma alikuwa Myao, kama Bombay, naye alikamatwa utotoni kama Bombay. Sasa mmoja anateremka na maiti ya bwana wake na mwingine anapanda kumtafuta bwana huyo huyo. Cameron hakurudi. Aliendelea magharibi, na Novemba 1875 walitokea kwenye bahari ya Atlantiki, karibu na Benguela katika Angola. Cameron aliandikwa kuwa Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya kati kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay alivuka pamoja naye, akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, kisha akarejeshwa Unguja kwa bahari kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Ukijumlisha safari zake zote, yakadiriwa alitembea kwa miguu kilomita elfu tisa na zaidi.

Katika miaka hiyo kazi ya picha ilibadilika. Vioo vikavu, ambavyo huandaliwa mapema na kuoshwa baadaye, viliondoa kile kihema cha joto, na wasafiri waliofuata waliweza kupiga picha bara bila ya kupikwa. Kichwa cha mpagazi hakikuondolewa. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwezi wa Oktoba 1889 na kurudi na picha, aliweka kambi yake ya juu zaidi ya mita 4,000, na aliyekaa naye pale kwenye baridi, siku baada ya siku, kupika na kulinda vitu, alikuwa kijana wa Pangani aitwaye Mwini Amani. Pangani hakuna barafu. Sijui kama sisi wa Mkokoni tungekubali kazi hiyo kwa ujira wowote.

Bombay hakuyaona hayo. Mwaka 1876 lile Shirika la London lilimwekea pensheni ya maisha, naye akatulia Unguja. Alishuhudia mambo mengi katika mji ule. Soko la watumwa alilopitia utotoni lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1873 kwa amri ya Seyyid Barghash. Njia alizozipitia zilikuwa sasa zimechorwa katika ramani, na ramani zilikuwa mikononi mwa watu wenye shabaha nyingine. Mapema mwaka 1885 Wajerumani walitangaza kuwa nchi za bara ambazo Karl Peters alizitilia mikataba ni zao. Mwezi wa Aprili Clemens Denhardt alipata ardhi ya Witu kwa Sultani Ahmed Simba, huku kwetu, na punde bendera ya Ujerumani ikawa jirani ya Lamu. Mwezi wa Agosti meli zao za kivita zilitia nanga mbele ya jumba la Seyyid Barghash, mizinga ikielekea mjini.

Sidi Mubarak Bombay alifariki huko Unguja tarehe 12 Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 65 hivi. Pensheni yake alikuwa ameila kwa miaka tisa. Mwenyezi Mungu amrehemu.